Mahali Kwanza, Zabibu Baadaye: Kuusoma Mvinyo wa Ufaransa Mkoa kwa Mkoa

Ndugu wahudumu wa migahawa, wauzaji wa maduka ya vinywaji, na nyinyi mnaoshika funguo za stoo za hoteli, habari za asubuhi.

Naanza na chupa mbili. Lebo ya kwanza imeandikwa Pouilly-Fumé, ya pili Pouilly-Fuissé. Zote mvinyo mweupe, zote za Ufaransa, na kwenye orodha ya vinywaji mara nyingi zimefuatana. Mgeni anaagiza moja, analetewa nyingine, na aliyemletea haoni tofauti. Kumbe Pouilly-Fumé inatoka Pouilly-sur-Loire, kando ya mto Loire, na zabibu yake ni Sauvignon Blanc: ugwadu wa wazi, harufu ya ndimu na majani yaliyokatwa sasa hivi. Pouilly-Fuissé inatoka kusini mwa Bourgogne, karibu na mji wa Mâcon, na zabibu yake ni Chardonnay: mzito zaidi mdomoni, na mara nyingi umekaa miezi kadhaa kwenye mapipa ya mwaloni. Aliyeagiza wa kwanza ale na samaki mbichi mwenye limau atashangaa kuletewa wa pili, na ana haki ya kuurudisha.

Aliyezoea chupa za Afrika Kusini au Chile hutafuta jina la zabibu kwenye lebo. Kwenye chupa nyingi za Ufaransa hatalikuta. Mkulima wa kule anauza kama anavyouza muuza mchele wa Kyela: hataji jina la mbegu, anataja Kyela, na mnunuzi anajua anachokipata. Ukijua mahali, umejua zabibu. Ukijua zabibu, umejua ugwadu, uzito, ukakasi na joto la kumimina, na hayo ndiyo mgeni anayotaka anapokuuliza, "Huu ukoje?" Niliseme na hili mapema, maana najua baadhi yenu hamtumii kilevi: kazi hii haikudai unywe. Sehemu kubwa ya ujuzi wake imo kwenye lebo na ramani, na inayobaki pua inaimudu.

Jina la mahali lina nguvu kwa sababu limefungwa na sheria. Mwaka 1923 wakulima wa Châteauneuf-du-Pape, wakiongozwa na Baron Le Roy, mwenzao aliyesomea sheria, walijiwekea masharti kwa sababu jina la kijiji chao lilikuwa likibandikwa kwenye chupa za mvinyo wa kwingine. Mwaka 1935 serikali iliufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa wa nchi nzima, na majina ya kwanza yakatangazwa 1936. Herufi AOC, au AOP siku hizi, zina maana kwamba mipaka ya mashamba imechorwa, zabibu zinazoruhusiwa zimetajwa, na mavuno kwa hekta yana kikomo. Kikomo hicho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mzabibu ukibebeshwa vichala vingi mno, sukari na harufu hugawanyika kote, na unachopata ni kinywaji chepesi kisicho na utambulisho. Chupa zenye herufi IGP, kwa mfano Pays d'Oc ya kusini, zina masharti mepesi zaidi, na nyingi hutaja zabibu waziwazi. Hizo hazitawasumbua.

Sasa tuanze na Loire, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu zabibu moja ya Loire tunayo nyumbani. Mto huu ni mrefu na zabibu zake zinabadilika kadiri unavyopanda kutoka baharini. Karibu na Nantes ni Muscadet. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne, na ilienea huko baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu mingine, kwa kuwa yenyewe ilistahimili. Mvinyo wake ni mwepesi na mkavu, na peke yake hauna harufu nyingi. Kwa hiyo wanauacha ulale juu ya mashapo ya chachu majira yote ya baridi, kisha wanautia chupani moja kwa moja. Lebo itasema *sur lie*. Mashapo yale yanaupa unene kidogo na ladha ya mkate, na wakati mwingine utaona kigesi chembamba ulimini. Mgeni akilalamika kwamba umeanza kuharibika, mwambie ndivyo ulivyo. Mpe na chaza au pweza.

Ukipanda hadi Anjou na Touraine unaikuta Chenin Blanc, ile ile inayopandwa Dodoma. Tofauti ya nchi hizi mbili inafundisha mengi. Chenin ina uchachu mwingi kwa asili na inachelewa kuiva. Kule Loire jua ni dogo na usiku una baridi, kwa hiyo uchachu unabaki hata zabibu inapojaa sukari. Dodoma joto linapunguza uchachu haraka, mzabibu haupati usingizi wa majira ya baridi, na ndiyo maana huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma lazima awahi kuchuma kabla ugwadu haujapotea. Wa Vouvray, kijiji cha Touraine, anahangaika na kinyume chake, anasubiri, anaomba mvua isinyeshe. Tena Chenin haiivi sawasawa: kwenye kichala kimoja punje hii ni ya dhahabu na ile bado ya kijani. Wanaotaka mvinyo mtamu hupita shambani mara tatu, nne au zaidi, kila mara wakichuma zilizo tayari tu.

Kwa hiyo jina Vouvray pekee halitoshi kumjibu mgeni. Tafuta neno la pili: *sec* ni mkavu, *demi-sec* una utamu wa kati, *moelleux* ni mtamu kweli. Lebo isiposema kitu, uliza msambazaji kabla hujauweka kwenye orodha, maana mtu aliyetaka mkavu akapewa mtamu hatakusamehe kwa urahisi. Savennières kwa kawaida ni mkavu na mkali. Coteaux du Layon na Quarts de Chaume ni tamu, na uchachu wa Chenin ndio unaozifanya zisikinaishe na ziishi miongo chupani.

Hapo hapo kuna Chinon na Bourgueil, nyekundu za Cabernet Franc, zenye harufu ya risiberi na pilipili hoho. Ukizidi uhoho, zabibu zilivunwa kabla ya kuiva. Juu zaidi ni Sancerre, jirani wa Pouilly-Fumé ng'ambo ya mto, nao ni Sauvignon Blanc. Sancerre nyekundu ipo pia, na hiyo ni Pinot Noir.

Bourgogne ina zabibu chache na majina mengi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Nyekundu ni Pinot Noir. Nyeupe ni Chardonnay, isipokuwa imeandikwa Aligoté. Baada ya hapo kinachobaki ni ngazi. Chini kabisa ni jina la mkoa, Bourgogne tu. Juu yake jina la kijiji, kama Meursault au Volnay. Juu yake kijiji pamoja na maneno *premier cru*. Kileleni ni *grand cru*, ambapo shamba lenyewe limekuwa jina, kama Chambertin au Montrachet. Angalieni mtego: vijiji vingi viliongeza jina la shamba lao maarufu kwenye jina la kijiji. Gevrey-Chambertin ni mvinyo wa kijiji. Chambertin peke yake ni grand cru, na bei inaweza kuwa mara nyingi zaidi. Kosa hilo kwenye orodha ya bei ni hasara ya moja kwa moja.

Mtego wa pili ni mtengenezaji. Clos de Vougeot ni shamba moja lenye ukuta, hekta 50 hivi, lakini lina wamiliki zaidi ya 80 kwa sababu ya mauzo na urithi uliogawanywa kizazi baada ya kizazi. Lebo mbili za shamba hilo na mwaka huo huo zinaweza kutofautiana sana. Pinot Noir haina huruma kwa mzembe: ganda lake ni jembamba, punje zimebanana, na mvua kidogo karibu na mavuno inaleta kuoza katikati ya kichala pasipoonekana. Basi kwa Bourgogne soma jina la mtengenezaji kwanza, kijiji pili.

Kaskazini ya mkoa huo ni Chablis, Chardonnay juu ya udongo wa chokaa uliojaa visukuku vya chaza wadogo. Adui yao ni baridi ya kugandisha ya mwezi Aprili, machipukizi yanapokuwa yamekwisha kutoka. Wanawasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, mamia kwa hekta, au wanamwagia mizabibu maji usiku kucha. Maji yakiganda hutoa joto, na chipukizi lililofungwa ndani ya barafu linabaki karibu na sifuri bila kufa. Ila mtu akishafungua maji haruhusiwi kuyafunga hadi barafu iyeyuke yenyewe: yakikatika mapema, unyevu unaovukiza unalipoza chipukizi kuliko kama asingefanya kitu. Aprili 2021 baridi hiyo iliumiza sehemu kubwa ya Ufaransa, na ndiyo maana Chablis ya mwaka huo ni adimu.

Kusini mwa Bourgogne ni Beaujolais, nchi ya Gamay. Mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mwaka 1395 zabibu hiyo ing'olewe kwenye ardhi yake kwa kuwa ilizaa sana na mvinyo wake ukawa hafifu. Kwenye vilima vya graniti vya Beaujolais, Gamay ilipata makao yake. Huko vichala vizima hutiwa ndani ya tangi bila kusagwa. Vya chini vinapondwa na uzito, vinaanza kuchachuka, gesi ya ukaa inajaa, na punje nzima zilizo juu zinaanza kutengeneza kilevi ndani ya maganda yao. Matokeo ni rangi nzuri, tunda tele na ukakasi mdogo. Kwa Beaujolais Nouveau, inayofunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, kazi hii huchukua siku chache tu, na mara nyingi inaacha harufu ya ndizi mbivu. Usiinunue ili uiweke miaka. Lakini kuna vijiji kumi, Morgon, Fleurie, Moulin-à-Vent na wenzao, ambavyo huandika jina lao tu bila neno Beaujolais. Kwa maoni yangu hakuna mvinyo mwekundu wa Ufaransa unaofaa hali ya hewa ya pwani yetu kuliko hizo: mimina ukiwa nyuzijoto 13 au 14, na kuku wa kuchoma.

Bordeaux ni mchanganyiko, na sababu ya mchanganyiko ni bima. Ukingo wa kushoto wa mto, Médoc na Graves, una changarawe inayopitisha maji na kuhifadhi joto la mchana, na Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inahitaji joto hilo. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, una mfinyanzi na chokaa, udongo wa baridi zaidi, na hapo anatawala Merlot, ambaye huwahi kuiva. Mvua ikinyesha wakati wa maua, Merlot hudondosha maua na mavuno yanapungua. Mvua ikinyesha mwishoni mwa Septemba, Cabernet ndiyo inayoumia. Mwenye zote mbili, na Cabernet Franc kidogo, hakosi cha kutia chupani. Kwa hiyo chupa ya kushoto ina ukakasi na inahitaji nyama na miaka, ya kulia ni laini mapema. Mgeni anayesema "sipendi ule unaokausha mdomo" mpeleke kulia.

Ile orodha ya 1855 iliyoyapanga mashamba ya Bordeaux kwa madaraja, iliyoandaliwa kwa maonyesho ya Paris, ilipangwa na madalali kwa kufuata bei za wakati huo. Badiliko lake kubwa lilikuja 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza. Inaheshimika, lakini haimwambii mteja kama chupa iliyo mbele yake imetunzwa vizuri. Kinachonivutia zaidi ni kwamba tangu 2021 majina ya Bordeaux na Bordeaux Supérieur yanaruhusiwa kujaribu zabibu ngeni zinazovumilia joto, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno na Marselan, kwa kiasi kisichozidi asilimia 5 ya eneo la shamba. Kwa mkoa unaolinda desturi zake namna ile, huo ni ushahidi wa jinsi hali ya hewa inavyowasukuma.

Sauternes, mvinyo mtamu wa kusini ya hapo, ni habari nyingine. Mto mdogo wa Ciron una maji baridi, unaingia Garonne yenye maji vuguvugu, na vuli asubuhi panakuwa na ukungu. Ukungu unaleta kuvu aitwaye Botrytis juu ya zabibu za Sémillon zenye ganda jembamba, naye anatoboa ganda na kuacha maji yavukize jua la mchana linapotoka. Sukari inabaki. Ukungu usipoondoka mchana, kuvu huyo huyo anaozesha kila kitu.

Rhône ni mbili. Kaskazini ni Syrah pekee kwa nyekundu, kwenye miteremko mikali: Cornas, Hermitage, Côte-Rôtie. Harufu yake ni pilipili manga na nyama ya moshi. Côte-Rôtie inaruhusiwa kuchanganya hadi asilimia 20 ya Viognier, zabibu nyeupe. Kusini ni Grenache, pamoja na Syrah na Mourvèdre, na mawe makubwa ya mviringo yanayotunza joto hadi usiku. Châteauneuf-du-Pape inaruhusu zabibu 13, lakini Grenache ndiyo nguzo, na hupanda kirahisi hadi asilimia 14 na nusu au 15 ya kilevi. Ukimiminwa wa moto, kilevi kinapanda puani na tunda linapotea.

Champagne niieleze kwa hesabu, kwa sababu watu hudhani bubujiko lake ni la bahati. Zabibu ni hasa Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Kilo 4,000 hukamuliwa polepole na kutoa lita 2,550 tu, ili rangi ya maganda ya zabibu nyeusi isiingie. Mvinyo ukishachachuka mara ya kwanza, unatiwa chupani na chachu pamoja na sukari, gramu 24 hivi kwa lita. Kila gramu 4 zinaleta takriban baa moja ya shinikizo, hivyo chupa inafika karibu baa 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Inalala si chini ya miezi 15, na yenye mwaka wa mavuno miaka 3. Kisha chupa zinainamishwa na kuzungushwa mashapo yashuke shingoni, shingo inagandishwa, kizibo cha muda kinafunguliwa, kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje, na utamu wa mwisho unaongezwa.

Utamu huo ndio unaosomwa kwenye lebo, na hapa kosa ni la kila siku. *Brut* ni chini ya gramu 12 za sukari kwa lita. *Extra Dry*, ambayo jina lake linaonekana kuwa kavu zaidi, ni gramu 12 hadi 17, yaani tamu kidogo kuliko Brut. *Demi-sec*, gramu 32 hadi 50, ndiyo ya keki ya harusi. Brut pamoja na keki inaonja ndimu tupu, na bibi harusi atadhani amepewa kitu kibovu.

Kuifungua: ipoze kwenye ndoo iliyojaa nusu barafu nusu maji kwa dakika 20 hadi 30, maana barafu bila maji haigusi chupa yote. Ondoa karatasi, weka dole gumba juu ya kizibo, zungusha kitanzi cha waya nusu mzunguko mara sita, na kuanzia hapo dole gumba lisiondoke. Shika kizibo, zungusha chupa kwa chini. Chupa yenye joto au iliyotikiswa itamwaga robo ya bei mezani.

Mikoa mingine nitaipita. Alsace, iliyokingwa mvua na milima ya Vosges, huandika zabibu kwenye lebo: Riesling mkavu mara nyingi, Gewurztraminer yenye harufu ya waridi na tangawizi, ambayo naipendekeza kwa pilau na biriani kuliko nyeupe nyingine yoyote. Jura wana Vin Jaune wa zabibu ya Savagnin, unaokaa pipani miaka 6 na zaidi bila kujazwa, chini ya utando wa chachu, na kuuzwa kwenye chupa ya sentilita 62. Unanuka jozi na bizari. Haujaharibika. Cahors ni Malbec, Madiran ni Tannat yenye ukakasi mkali kupita zote, Bandol ni Mourvèdre. Rozé ya Provence inywewe changa, na chupa iliyokaa dirishani imekwisha.

Hilo linatuleta kwenye joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, nyuzijoto 16 hadi 18. Dar es Salaam au Mombasa chumba ni 30. Weka Bordeaux kwenye ndoo ya barafu na maji dakika 10 hadi 15 kabla ya kumimina, na usione haya mgeni akikutazama. Nyeupe zenye pipa, kama Meursault, zisizidi baridi: 12 zinatosha, chini ya hapo harufu inajificha. Stoo iwe 12 hadi 14, giza, chupa za kizibo cha gome zikilala. Kizibo kilichosukumwa juu au mvinyo uliokauka shingoni ni dalili kwamba shehena ilipata joto njiani. Kagua kabla ya kusaini hati ya kupokea. Chembe nyeupe zinazong'aa kama sukari chini ya chupa hazina madhara, ni chumvi ya asili ya zabibu iliyojitenga kwa baridi.

Kizibo kibovu ni jambo jingine. Kuna kemikali iitwayo TCA inayotoka kwenye gome, na kiasi kidogo mno kinatosha kuua harufu ya tunda na kuleta ya kadibodi iliyolowa. Haimdhuru mtu, wala haiondoki kwa kuuacha mvinyo upumue. Ndiyo sababu unanusa mvinyo kwenye glasi, si kizibo, na pua ya asiyekunywa mara nyingi ni kali zaidi. Ukiigundua, usibishane. Leta chupa ya pili, ifungue mbele ya mgeni, na badilisha glasi zote: harufu ikibaki kwenye glasi, chupa nzima nayo itarudishwa.